Kitabu cha Mwezi

Mama Zuhuria, bintiye kando yake, alikikagua kitabu kama anayeuziwa samaki wa jana.

"Mbona hamna sungura anayesema?"

"Hiki ni cha mambo ya kweli, dada," muuza vitabu akamjibu. "Mwezi wenyewe, kwa picha. Mchukulie binti, hutajuta."

"Nani kakutuma?"

"Kha! Mteja gani huyu, anauogopa mwezi!"

Hakucheka. Tangu mazishi ya mumewe alikuwa akimwambia bintiye kwamba baba kahamia mwezini, na kila mwezi ukiandama mtoto alitoka uani kumpungia mkono. Picha zilionyesha mawe na vumbi, hata kibanda hakuna. Akaufunika ukurasa kwa kiganja.

"Mama, nami nione nyumba ya baba," Zuhuria alisema, akaanza kuvibandua vidole vya mama yake, kimoja kimoja.