Chupa Mbili za Ziwa

Ngling, ngling, ngling. Sauti ilitangulia. Watu waliojaa darasani Karema wakageuza shingo, ndipo Leonidas akaingia na kapu lenye chupa mbili za maji. Alitembea polepole kama padri aliyebeba Ekaristi. Kapu lilikuwa jepesi. Mwendo ulikuwa wa kutazamwa.

Leonidas alikuwa malenga. Hakuna aliyemfundisha, wala aliyemwomba. Tangu kampuni ianze, mwaka ule wa 1997, kuchimba kisima cha majaribio cha mafuta katikati ya ziwa na kumwaga humo maji yake machafu, alikuwa ametunga beti kumi na tisa. Leo angezisoma zote.

Mezani alisubiri Athanasie, mtafiti, na hadubini aliyoifuata Mpanda kwa siku mbili. Kando yake alikaa Bwana Kalisti, ofisa ambaye leo angeamua kisima kifungwe au kiendelee.

"Majini kuna vijidudu tusivyoviona," Athanasie aliwaambia watu. "Wadudu wanaoliwa na dagaa hula vijidudu hivyo. Vikifa, nyie mtatundika nyavu ukutani. Chupa hii niliijaza pale kisimani. Hii nyingine mbali, kwenye maji safi, ya kulinganishia."

"Siku hizo mbili chupa zilikaa wapi?" akauliza Martin, msemaji wa kampuni.

"Kwa mama yangu," Leonidas akadakia. "Kipindupindu kilipokuja, nesi alikagua kijiji kizima. Nyumba iliyofaulu ni moja tu. Uliza jingine, kaka."

Watu wakacheka. Martin akakaa.

Athanasie akaweka tone la chupa ya kisimani, akachungulia kwa muda mrefu.

"Vyote vimekufa," akasema.

Vigelegele. Bwana Kalisti akachukua kalamu. Leonidas hakungoja chupa ya pili. Alipanda juu ya dawati:

Ninyi wachimbaji ziwa, vijidudu mmeua,
Wadogo, wameonewa, nani atawalilia?

Aliendelea, macho kayafumba. Kwenye ubeti wa saba Athanasie alichungulia chupa ya pili. Wa nane, akafuta kioo, akachungulia tena. Wa tisa, akamvuta suruali. Leonidas akadhani ni mapenzi, akapandisha sauti.

Alipomaliza alikuwa amelowa jasho, sauti imekauka. Akanyoosha mkono kwa mwanamke mwembamba aliyekaa nyuma.

"Na yule ndiye mama yangu, Vestina, mlinzi wa chupa. Simama, mama, wakuone."

Vestina akasimama kwa haya, akajifunga kitenge vizuri, akamgeukia mtafiti.

"Mwanangu, siku ukileta maji mengine usiwe na wasiwasi. Nakuahidi mbele ya watu wote hawa: nitayachemsha vilevile kama haya, yatokote mpaka mdudu wa mwisho afe."