Kibwagizo cha Nungunungu

Alikuwako Nungunungu mwenye haya, aliyetamani shairi lake lisikike walau mara moja. Siku ya mashindano ya ushairi mtoni akaghani ubeti wa kwanza, na wanyama wakamwitikia kibwagizo: "Mvua njoo polepole, maua bado yalala."

Ubeti wa pili ukamtoka kichwani. Wanyama wakaendelea kuitikia, taratibu, kama waotao.

"Pole, ndugu yangu," akasema Korongo, mwamuzi. "Tuzo ni ya Chiriku."

Nungunungu akajiondokea, miiba imemlala kwa aibu. Njiani akakuta sisimizi wakibeba makombo, wanaimba: "Mvua njoo polepole…"

"Jamani, mmeutoa wapi?"

"Mtoni! Kwani wewe hukuwepo?"

"Nilikuwepo," akasema kwa sauti ndogo, akaitikia nao njia nzima.