Taa za Wodini

Mambo yaliharibika Jumatano, mkesha wa Maulidi, Zamda, mtengeneza filamu kijana, alipombandikia mzee Mwinshehe ukutani picha za filamu yake. Filamu ilihusu kifo cha mke wa Mwinshehe, na picha hizo za kupangia matukio zilichorwa na kompyuta kwa maelezo ya Zamda.

Mwinshehe alisogea hadi pua ikakaribia karatasi.

"Mwanangu, hizi taa za nini?"

"Ni wodi ya wazazi, baba."

"Naijua. Mke wangu alijifungulia gizani. Mafuta ya jenereta wakubwa wa hospitali walishayauza. Mimi ndiye niliyeshika koroboi mpaka ikaniunguza."

Zamda akacheka kidogo. "Kompyuta ikisikia hospitali huwasha taa yenyewe. Ngoja nirekebishe."

Akaandika upya: wodi yenye giza, mume ameshika koroboi. Picha ikatoka. Giza lilikuwepo na koroboi ilikuwepo, ila imeshikwa na mganga mkuu mwenye koti jeupe, anatabasamu. Mume alikuwa nje, anachungulia dirishani.

"Huyo usiku ule alikuwa harusini! Nani kamleta hapa?"

"Si mtu, baba. Ni mashine."

"Mashine! Na hao watu wa halmashauri, wenye hospitali ile na wanaolipia filamu yako, wao hawajaingia humo ndani?"

Zamda hakucheka tena. Akaandika mara ya pili, kisha ya tatu. Mganga alibaki palepale.

Mwinshehe akaufunika uso ule kwa kidole gumba.

"Sasa niambie, mwanangu. Watu wakishaiona sinema hii, mimi nani ataniamini?"