Kitambaa cha Mukubwa

Kavuo alikamata pindo la kitambaa kilichofunika tangi la kioo kwenye rond-point, mzunguko wa barabara, ya Butembo. Ndani uliwekwa mwani wa kusafisha hewa kwa kula moshi wa pikipiki; bila jua, mwani hufa.

"Mama, hapana gusa!" polisi alifoka. "Mukubwa wa Kinshasa ndiye atafungua."

"Siku gani?"

"Wiki ijayo."

"Ile uliyotuambia mwezi uliopita?"

Mgongoni mwanawe alikohoa, mwili mzima ukatetemeka. Kavuo akavuta.

Maji yalikuwa yamegeuka kahawia, yananuka. Kijani kilibaki pembeni tu, pale kitambaa kilipotoboka, upana wa kiganja.

Polisi aliokota kitambaa ili afunike tena. Kavuo alimfungua mtoto mgongoni, akamsimamisha mbele ya kile kijani.

"Funika, chef. Lakini uanze na huyu mutoto."