Kifungu cha Tatu

Somoe alikuwa akitoboa katiba ya chama kwa breli, nukta moja moja, ili walimu wenzake wasioona waisome kwa vidole. Alikuwa amefika kifungu cha tatu: mwanachama ni mwalimu mwenye cheti.

Yeye hakuwa nacho. Breli alijifunza mwenyewe, akawafundisha watoto vipofu wa Likombe kabla chama hakijafikiriwa. Chumba cha pili wajumbe walikuwa wakibishania neno hilohilo.

Mlango ulifunguliwa. Alimtambua mwenyekiti kwa kikohozi chake.

"Dada Somoe, umefika wapi?"

"Nimeshajitoa nje, kaka. Bado nukta ya mwisho."

"Basi jirudishe ndani. Cheti kimeanguka kwa kura. Mwanachama ni yeyote anayewafundisha wasioona."

"Kweli, au unanibembeleza?"

"Wallahi. Yule mjumbe wa Masasi aliyeking'ang'ania amenuna, hata chai kaikataa."

Somoe aligeuza karatasi, akalipapasa neno 'cheti', akaanza kulaza vinundu vyake kwa ukucha wa kidole gumba, kimoja kimoja, mpaka pakawa laini. Akapapasa tena, asije akaacha hata kimoja. Kisha akashusha pumzi, akafunika kibao cha kutobolea kwa kanga.

"Vifungu vingine kesho," alisema. "Hiyo chai yake iko wapi?"