Chatne Isiyo na Pilipili

Bi Mwanakombo alikuwa akiviringisha viazi vilivyopondwa, akitengeneza katlesi mezani pake pa biashara, wakati mwanawe Fadhili alipotokea na wenzake wawili wa ofisini.

"Fadhili, mbona umefanana na huyu mama? Shangazi yako nini?" alitania mmoja.

"Aa, simjui."

Mama alisikia. Alichovya katlesi kwenye yai, akaitia mafutani.

"Karibuni, wateja."

Wenzake Fadhili aliwapa chatne kali ya ukwaju. Kisha akainama, akatoa kikopo chini ya meza. Kila siku alitengeneza chatne kidogo bila pilipili, huenda mwanawe akapita.

"Hii yako, mteja."

"Kajuaje kwamba huli pilipili?" mwenzake aliuliza.

Fadhili alipokea katlesi yake. Katlesi ilikuwa ikimchoma vidole, naye hakuiweka chini.