Gari Lisilo na Siti ya Mke

Paa. Paa. Paa.

Muharami alisimama mlangoni akisikiliza. Alikuwa ametoka kwenye jua kali la kijiji cha Buswahili, na macho yake yalikuwa hayajalizoea giza la nyumba ile isiyo na dirisha. Alichosikia ni kiganja tu, kikipiga ukuta wa udongo taratibu, kama cha mtu anayembembeleza mtoto mgongoni.

"Karibu, wewe wa mitumba," sauti ya Mama Pelagia ikatoka gizani. "Ngoja kwanza nimbandike mwanangu."

Giza likapungua, akamwona bibi mwenyewe, bakuli la uji wa muhogo liko miguuni, akilainisha ukurasa wa gazeti la Kizungu ukutani. Picha ya sita hiyo. Na hii nayo ilikuwa kama zile zingine: gari refu, jembamba kama mtumbwi, magurudumu yote manne yametokeza nje, na ndani yake mtu mmoja aliyefunikwa helmeti mpaka kidevuni.

Muharami aliitazama kwa chuki. Huyo dereva, mume wa Hyasinta, ndiye aliyekaa katikati yao wawili.

Alikutana na Hyasinta sokoni Bunda, mwaka ule sabuni ilipoanza kuonekana tena madukani. Hyasinta alikuwa anampimia binti yake Skolastika gauni, kwenye meza ya mitumba ya Muharami. Muharami akamwuliza kama ana mtu. "Kamwulize mama," Hyasinta akajibu, uso chini. "Yeye ndiye mwenye neno." Basi akaja kuuliza, na leo ilikuwa mara ya tatu: lori la pamba mpaka Butiama, kisha miguu. Bunda alikuwa na vyumba viwili vya bati, na kitanda ambacho alikuwa hajakilalia, anangoja. Leo alikuwa ameapa kuondoka na jibu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwangalie. Amekuwa wa pili."

"Wa pili," Muharami akasema. "Amezunguka mchana kutwa, amerudi pale pale alipoanzia, na bado kuna mtu kamtangulia."

Nje, karibu na mlango, Hyasinta alikuwa anapepeta mtama. Kicheko kilimponyoka, akakimeza.

Mama Pelagia hakukasirika. Akakaa kwenye kigoda akaanza, kama siku zote, safari ya mwanawe Leodgar. Kwanza lori la pamba, Bunda na Musoma, wenzake wote wanakula vumbi lake. Kisha Nairobi. Huko tajiri mmoja Mzungu akamwona anavyokata kona, akampandisha ndege. Sasa huko Ulaya watu wanalipa kiingilio kumtazama. "Padri ananiwekeaga magazeti," akamalizia. "Kila Leodgar akitokea, nabandika."

"Lakini hili jekundu. La mwezi ule lilikuwa la bluu."

"Amehama tajiri."

"Kahama tena? Mtu gani hakai kazini?" Muharami akausogelea ukuta. "Na uso wake uko wapi, mama? Hata kidole chake sioni."

"Huko baridi. Wanavaaga glovu."

"Hapa kwetu Jumapili ikifika saa nane gari haliruhusiwi barabarani, mafuta hakuna. Yeye Jumapili ndiyo siku yake ya kuyachoma. Na kombe je? Si unasema alishapata kombe? Angelileta basi tuchotee maji."

"Kombe ni la kutazama."

"Hata yeye ni wa kutazama. Mke wake anabeba maji kutoka mtoni, paa lako linavuja, mtoto anakwenda shule peku." Aligeuka ili Hyasinta amsikie vizuri. "Gari gani hilo, halina mlango, halina madigadi ya kuzuia tope, halina hata siti ya mke? Mwanaume anayependa gari la hivyo angekaa bila kuoa."

"Hakuoa yeye," Mama Pelagia akasema kwa upole. "Hyasinta nilimlipia mimi, kwa ng'ombe zangu."

"Kumbe hata mahari hakutoa!"

Ungo ulisimama huko nje, ukaanza tena.

Muharami akachuchumaa mbele ya bibi, akashusha sauti. Hakutaka ugomvi, alitaka mke. "Mama, mimi si mtu wa maneno. Nyumba iko tayari. Skolastika atasoma Bunda, na wewe nitakuezekea hapa. Mwandikie huyo mwanao barua, amwachie Hyasinta. Kama ni mwanaume, ajibu."

"Hapokeagi barua. Kila siku yuko njiani."

"Hyasinta, wewe unasemaje? Uliwahi kulala naye hata usiku mmoja, huyu bingwa wako?"

"Mama ndiye mwenye neno," Hyasinta akajibu. Sauti yake ilikuwa karibu na kilio.

Hapo Muharami akasimama, uvumilivu umemwisha. Miaka yote hii wanawake wawili wanamtunzia heshima mtu asiyewatumia hata salamu. Akamwendea mtoto. Skolastika alikuwa amekaa kizingitini, daftari mapajani, anaandika hesabu za darasa la pili.

"Wewe msomi, nisaidie," akamwambia. "Huyu dereva wenu, bibi alimzaa mwaka gani? Nataka kujua kama ni mtu mzima au ni mtoto anayechezea magari."

Hyasinta akaweka ungo chini. Mama Pelagia akatazama mikono yake, ilivyokauka uji.

Skolastika akainua uso, akamtazama mgeni kwa mshangao, akasema:

"Bibi hajawahi kuzaa. Ndiyo maana alimwoa mama."